Bustani ya nyumbani inakauka kabla ya msimu kwisha: nianzie wapi?

Mwenye Bustani Ndogo ameuliza:

Habari zenu wanabustani. Naomba ushauri wenu juu ya bustani yangu ya mboga, ambayo kwa misimu mitatu mfululizo imenishinda kwa namna ambayo haikuwahi kunishinda hapo awali. Eneo lenyewe ni mita 10 kwa 6, nimeligawa katika matuta yaliyoinuliwa kidogo, na ninapanda mchicha, nyanya, pilipili hoho, vitunguu na maharage. Zamani mvua zilikuwa zikianza kwa manyunyu, ardhi ikalowa taratibu, nasi tukapanda bila wasiwasi. Siku hizi zinachelewa, na zikija zinakuja kwa kishindo siku mbili tatu, zinazoa mbolea na udongo wa juu, kisha jua linawaka wiki tano bila tone.

Ninamwagilia kila jioni kwa mpira, napita mara moja juu ya kila tuta mpaka udongo ubadilike rangi. Pamoja na hayo, mchicha unanyauka ifikapo saa sita mchana, maua ya nyanya yanapukutika, na matunda machache yanayobaki yanaoza kitako yakiwa bado mabichi. Juu ya matuta mawili kumeanza kujitokeza ukoko mweupe mfano wa chumvi. Maji ninayoweza kuyatenga kwa bustani hayazidi lita 100 kwa siku, na hata hizo ninazipata kwa kubana matumizi mengine ya nyumbani.

Nimeshauriwa ninunue mipira ya matone. Mwingine akaniambia nibadilishe mimea yote. Na mwingine akasema niiache bustani ipumzike hadi hali ya hewa irudi kama zamani. Kuiacha sitaki, kwa kuwa ndimo wanangu walimojifunza kufukia mbegu na kusubiri ichipue. Lakini sitaki pia kutumia fedha kwa kubahatisha. Lau bustani hii ingekuwa yenu, mngeanza na lipi?

Mshika Jembe amejibu:

Ndugu Mwenye Bustani Ndogo, pole kwa hasara, na ahsante kwa kutaja vipimo, maana ushauri wa maji usio na vipimo huwa ni kukisia tu. Mimi ningeanza na hesabu kabla ya kununua chochote.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni sawasawa na lita 1. Siku ya jua kali na upepo mkavu, mboga zilizokwisha kufunika ardhi hupoteza milimita 5 hadi 7, sehemu ikipitia kwenye majani na sehemu ikipanda kama mvuke kutoka kwenye udongo wenyewe. Bustani yako ina mita za mraba 60. Tukiondoa njia za kupitia, tuseme zimebaki 45 zilizopandwa. Kiu ya mita 45 kwa siku moja ni zaidi ya lita 220, nawe una 100. Hakuna mpira, mbegu wala mbolea itakayoliziba pengo hilo lote. Kwa hiyo, ingawa najua neno hili ni gumu kwa mtu anayeipenda bustani yake, wakati wa kiangazi punguza eneo la mboga zenye kiu hadi mita za mraba 20 hivi. Sehemu inayobaki usiitelekeze, ila ifunike kwa majani makavu au uipande mimea inayovumilia ukame, ili mvua itakaporudi ikute udongo ulio hai na si sakafu.

Jambo la pili ni namna unavyomwagilia. Lita 100 zikigawanywa juu ya mita 45 ni kama lita 2 kwa kila mita. Kiasi hicho kwenye udongo mkavu hulowesha sentimita moja au mbili tu, na kabla ya saa sita ya siku inayofuata yote imekwisha kuruka. Nakuomba ufanye jaribio moja: kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, chimba kishimo cha sentimita 20 ubavuni mwa tuta ulilomwagilia jana jioni, kisha utazame ukuta wake. Natarajia utaona utepe mwembamba mweusi juu kabisa, na chini yake udongo wa kijivu unaomomonyoka kama unga. Mizizi hufuata maji. Ukiinywesha juu, inabaki juu, mahali penye joto kuliko pote, na mmea wenye mizizi ya namna hiyo hauna akiba yoyote siku utakapochelewa. Ule ukoko mweupe nao una uhusiano na jambo hilihili, kwa kuwa maji yasipopita kwenda chini huacha juu chumvi zote yalizokuja nazo.

Badala ya kunywesha pote kidogo kidogo kila siku, gawa mita zako 20 katika sehemu nne za mita 5. Kila siku inyweshe sehemu moja tu, lita 20 kwa kila mita, asubuhi na mapema. Hesabu ni ileile ya lita 100, lakini kila sehemu inapata kinywaji kinachofika kwenye mizizi kila baada ya siku nne. Mimina nusu kwanza, subiri robo saa udongo uzoee, ndipo umalizie, kwa sababu udongo uliokauka sana hukataa maji mwanzoni na kuyaacha yateleze pembeni. Kama udongo wako ni wa kichanga, hauwezi kushika kiasi hicho kwa mara moja, hivyo nywesha nusu yake kila baada ya siku mbili. Miche iliyohamishwa karibuni na mbegu zisizoota haziingii katika utaratibu huu. Hizo zinahitaji unyevu kwenye udongo wa juu kila siku hadi zishike mizizi.

Kuhusu mchicha kunyauka mchana, usikimbilie ndoo. Mimea mingi hulegeza majani jua linapokuwa kali hata kama udongo una maji, kisha ikasimama tena jioni. Itazame alfajiri: ikiwa imenyauka saa hiyo, basi kweli ina kiu, au mizizi ina ugonjwa.

Mpenda Mboji amejibu:

Naunga mkono hesabu ya Mshika Jembe na naomba kuongeza jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, limeniokolea maji mengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, yaani matandazo. Msimu mmoja niliacha nusu ya tuta wazi na nusu nikaifunika kwa nyasi kavu. Siku moja saa nane mchana niliinua nyasi zile, nikakuta chini yake udongo ni wa baridi, mweusi, unanukia kama ardhi iliyonyeshewa, na nyungunyungu wawili wakijivuta kurudi gizani. Hatua moja tu pembeni, kwenye nusu iliyokuwa wazi, sikuweza kushikiza kiganja kwa jinsi palivyokuwa pamepata moto. Maji yalikuwa yaleyale, ya siku ileile.

Matandazo yana masharti yake, na wengi wanaosema hayakuwasaidia walikosea hapa. Nywesha kwanza ndipo utandaze, kwa sababu matandazo juu ya udongo mkavu huzuia hata manyunyu machache yasiufikie. Unene uwe sentimita 5 hadi 10. Chini ya hapo jua linapenya, na ukizidisha mno mvua ndogo inaishia kwenye nyasi. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, lisije likaoza. Nyasi ziwe hazijatoa mbegu, vinginevyo utapanda magugu kwa mikono yako mwenyewe. Ukitumia vipande vya mbao au maranda, viache juu, usivichanganye na udongo, kwa kuwa vijidudu vinavyovioza hukopa naitrojeni ya mboga zako. Penye mchwa wengi, epuka mabua magumu na utumie majani laini yanayooza upesi, ukiyaongeza kidogo kidogo.

Mboji ndiyo inayoufanya udongo ushike kile unachoupa. Udongo wa kichanga uliochanganywa na mboji hauyaachi maji yapite moja kwa moja, na ule wa mfinyanzi unapata vitundu vya kuyapitisha badala ya kupasuka. Haya hayaji kwa wiki moja; mimi niliona tofauti ya kweli msimu wa tatu, baada ya kuweka ndoo mbili kwa kila mita ya tuta kabla ya kila kupanda.

Kuhusu mipira ya matone, ni kifaa kizuri, ila ningekiweka mwisho wa orodha, kwa sababu kinahitaji maji yaliyochujwa na mgandamizo wa kutosha, na tundu moja likiziba mmea mmoja unakufa huku ukidhani umenyweshwa. Kwa lita 100 kwa siku, jaribu mitungi ya udongo iliyofukiwa. Ni njia iliyokwisha kuandikwa katika maandishi ya kilimo ya China miaka 2,000 hivi iliyopita, na haijachakaa. Unafukia mtungi usiopakwa rangi wala kung'arishwa, ukiacha shingo tu juu ya ardhi, unaujaza maji na kuufunika. Maji yanapenya ukuta wake polepole, na kadiri udongo unavyokauka ndivyo unavyoyavuta zaidi. Udongo ukiwa umelowa, mtungi hutoa kidogo sana. Panda nyanya au pilipili kuuzunguka, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Kabla ya kuufukia, ujaze na uuache usiku kucha sakafuni: asubuhi ukuta wake wa nje uwe unatoka jasho. Usipotoka jasho, hautakufaa. Kifuniko ni cha lazima, maana kinazuia mvuke, mbu, na wadudu wanaotumbukia.

Mlinzi wa Udongo amejibu:

Ningependa kutofautiana kidogo, si na yaliyosemwa, bali na jambo ambalo bado halijasemwa. Tunazungumza kana kwamba tatizo ni ukavu peke yake, ilhali muuliza swali ametueleza matatizo mawili: ukame mrefu, na mvua zinazozoa udongo. Haya mawili yana chanzo kimoja. Hewa inapopata joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa takribani asilimia 7. Hewa hiyo hunyonya ardhi kwa nguvu zaidi wakati wa jua, na inapoachilia maji, huyaachilia kwa wingi. Ndiyo maana siafikiani kabisa na yule aliyekushauri usubiri hali irudi kama zamani. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto la dunia kupita nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya zama za viwanda, na hewaukaa, gesi inayoipasha dunia joto, iliyokwisha kuingia angani haiondoki yote kwa muda wa maisha yetu. Bustani lazima iandaliwe kwa hali iliyopo.

Kwa sababu hiyo ningeanza na umbo la matuta. Tuta lililoinuliwa ni zuri penye maji mengi, lakini wakati wa ukame upepo na jua vinalipiga pande zote nalo linakauka upesi. Katika zile mita 20 za kiangazi, geuza matuta yawe mabonde: shusha kitanda cha mboga sentimita 10 chini ya njia, na udongo uliouchimba uutumie kuinulia kingo. Maji unayoyamwaga hayatakimbia tena, na mvua ikinyesha itatuama pale penye mizizi.

Hatari yake ni ileile mvua ya kishindo. Kitanda cha bonde kwenye udongo wa mfinyanzi kinaweza kugeuka dimbwi, na mizizi iliyokaa ndani ya maji siku mbili inakosa hewa na kuoza. Mimi nilipoteza vitunguu vyote kwa kosa hilo, navyo vilikuwa vimebakiza wiki mbili tu kuvunwa. Kwa hiyo acha mlango kwenye ukingo wa chini, upana wa jembe, ulioziba kwa udongo. Mvua kubwa ikija unaufungua, na maji yanayotoka yaongoze kwenye shina la mti wa matunda, yasipotee.

Zile mita ambazo hutazimwagilia zifanyie mashimo madogo, upana wa sentimita 20 hadi 30 na kina cha 15 hivi, kila moja ukiliwekea konzi mbili za samadi au mboji wakati wa kiangazi. Wakulima wa Burkina Faso huyaita zai, na Yacouba Sawadogo, aliyeyaboresha kuanzia miaka ya 1980 kwa kuyapanua na kuyatia samadi, aliitumia njia hiyo kurudisha uhai kwenye ardhi iliyokuwa imeganda kama jiwe. Kwa bustani ya nyumbani inatosha kujua kwamba shimo linakinga mvua ya kwanza, na samadi inawaita mchwa, ambao hapo wanakuwa msaada, kwa kuwa vijia vyao ndivyo vinavyopitisha maji kwenda chini.

Mwenye Bustani Ndogo ameandika tena:

Nawashukuru sana. Nimechimba kishimo leo alfajiri kama mzee wetu Mshika Jembe alivyoagiza, na nimekuta hali ileile aliyoitaja: utepe uliolowa haukufika hata upana wa kidole gumba, na chini yake vumbi. Nimesikitika nilipokumbuka jioni zote nilizosimama na mpira nikiamini nimenywesha. Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. Nina paa la mabati lenye ukubwa wa mita za mraba 40 hivi, lisilo na mfereji wa kukingia maji. Je, inafaa kulitumia, na maji ya kuogea na kufulia nayo yanafaa? Na nyanya zangu zina dawa gani, maana nimeambiwa ninunue chokaa?

Mkinga Mvua amejibu:

Paa lako linafaa sana. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya saa moja tu ikiwa ni ya kishindo, inaangusha lita 800 juu ya mita 40. Tuseme sehemu ya tano inapotea kwa kuruka na kufurika kwenye mfereji. Umebakiwa na lita 640, yaani mgao wako wa zaidi ya siku sita. Ndiyo mvua ileile inayokuzolea udongo hivi sasa, kwa hiyo kuikinga kunakupa maji na kunaipunguzia bustani kipigo. Yaache maji ya mwanzo yamwagike, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi kwa wavu wenye matundu madogo, kwa sababu kwenye joto mbu hukamilisha kukua kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Tangi la lita 1,000 likijaa maji yake yana uzito wa tani nzima, hivyo usiliweke juu ya matofali yaliyopangwa tu, lijengewe msingi.

Maji yaliyokwisha kutumika yanafaa kwa uangalifu. Yale ya kuogea na ya kusuuzia nguo ni bora kuliko yale ya sabuni ya unga ya kwanza, ambayo mara nyingi ina sodiamu nyingi. Sodiamu huvunja muundo wa udongo na kuongeza ule ukoko unaokusumbua. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini kabisa, wala yale ya nepi. Yatumie siku ileile, usiyalaze, na uyamwage kwenye udongo chini ya matandazo, kwenye miti ya matunda na mimea mirefu. Usiyapeleke kwenye mchicha, karoti, au chochote kinacholiwa kibichi kikiwa kimegusa ardhi. Mara moja moja, hasa mvua inapopatikana, nywesha sehemu hiyo maji safi kwa wingi ili chumvi zishuke.

Kwa nyanya, usinunue chokaa bado. Kuoza kitako kunatokana na tunda kukosa kalisiamu, lakini mara nyingi kalisiamu ipo ardhini. Kinachokosekana ni maji ya kuifikisha kwenye tunda kwa mfululizo. Udongo unaolowa na kukauka kwa zamu ndio unaoleta ugonjwa huo, na matandazo pamoja na mtungi wa Mpenda Mboji ndiyo tiba ya kwanza. Kupukutika kwa maua ni suala jingine. Joto la mchana likizidi nyuzi 35 hivi, au usiku ukikosa ubaridi, chavua ya nyanya inapoteza nguvu na ua linaanguka bila kushika tunda, hata ungelimwagilia vipi. Weka kivuli upande wa magharibi kuanzia saa nane mchana, kwa wavu unaozuia asilimia 30 hadi 40 ya mwanga au kwa safu ya mbaazi, ambazo mizizi yake huenda chini sana na hazishindani mno na mboga. Kisha sogeza tarehe ya kuotesha miche ili maua yasikutane na wiki za joto kali kuliko zote. Na wakati huo wa joto, nafasi ya maharage ipe kunde, ambazo zinastahimili ukavu kuliko maharage na majani yake pia ni mboga.

Nimalizie na kupanda, kwa kuwa mbegu nyingi sasa zinapotea kwa mvua ya kudanganya, ile inayonyesha siku moja na kutoweka. Usiangalie kalenda ya zamani wala mawingu. Mvua ikinyesha, subiri hadi kesho yake, chimba kishimo kilekile cha sentimita 20, na uchukue udongo wa chini kabisa uufinye kiganjani. Ukishikana na kubaki na alama za vidole, panda. Ukimwagika katikati ya vidole, rudishia matandazo na uweke mbegu zako mahali pakavu.